Shauri la Mwalimu Asiye na Chimbuko

Wakili Kamugisha aliponiita "Mheshimiwa" kwa mara ya tatu kabla hajasema jambo lolote la maana, nilivua miwani nikaiweka mezani. Watu wanaonifahamu wanajua nikivua miwani maana yake nini. Yeye hakujua. Alikuwa ameletwa Singida juzi tu na Wakala wa Ajira za Walimu, na suti yake ilikuwa bado haijaonja vumbi letu.

"Wakili," nilisema, "nimekuuliza swali la ndiyo au hapana. Watoto wa darasa la kwanza pale Shule ya Msingi Mkiwani, wanasoma au hawasomi?"

"Mheshimiwa Msuluhishi, swali hilo lina pande mbili..."

"Halina."

Alikohoa kidogo. "Wanasoma. Kwa kweli wanasoma vizuri mno, wameongoza kanda nzima. Ila hakuna ushahidi wowote kwamba wamefundishwa na mlalamikaji."

Mlalamikaji, Mwalimu Perpetua Ntandu, alikuwa ameketi mbele yangu, mikono ameikunja kifuani, anatazama dirishani kana kwamba shauri lilikuwa la jirani yake. Ni mwanamke mfupi, mtu mzima, mwenye uso wa mtu ambaye amekwisha kuudhika zamani na sasa anasubiri wengine wamfikie. Pembeni yake alikaa Ndugu Yasini Kidaghoo wa Shirikisho la Walimu, mtu aliyelipwa kumtetea. Tangu tuanze, Ndugu Kidaghoo alikuwa amefungua mdomo mara moja tu, kuomba feni ipunguzwe.

"Ndugu Kidaghoo, una la kusema?"

"Shirikisho linaheshimu kipimo, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza kuhusu mwanachama wako, sijakuuliza kuhusu kipimo."

"Na mwanachama pia tunamheshimu," alisema, akatazama viatu vyake.

Nilitamani kuwatoa wote nje nikafunge mlango nilale. Kazi hii ya usuluhishi nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimezoea mwajiri na mwajiriwa kuvutana mpaka kamba ikatike. Sikuwahi kupata shauri ambalo pande zote mbili zinavuta upande mmoja, na aliyefungwa kamba shingoni ndiye mlalamikaji.

Mkataba wao haukuwa na utata. Mwalimu wa shule ya umma anahesabiwa kwa kile alichokiacha vichwani mwa watoto, basi. Chombo kinachoitwa Chimbuko ndicho kinachokitafuta. Ukikosa alama miaka miwili mfululizo, mkataba unasitishwa, nyumba ya shule unairudisha, na hakuna shule nyingine ya umma itakayokupokea. Mwalimu Perpetua alikuwa amekosa miaka yote miwili, na hakuwa na nyumba nyingine, wala kazi nyingine aliyoijua. Tena kifungu hicho kilidaiwa na Shirikisho lenyewe, lilipochoshwa na maofisa waliokuwa wakiwapandisha vyeo shemeji zao. Waliandamana kukidai. Walipokipata walicheza ngoma uwanjani.

"Hicho chombo umekileta?" nilimwuliza Kamugisha.

Uso wake ulichangamka. Alitoa kwenye mkoba utepe mwembamba wa kijivu na kioo cha ukubwa wa kiganja. Nikamwambia anivishe mimi, maana nimechoka kusomewa taarifa za vitu nisivyovijua. Utepe ulikuwa wa baridi, ukanibana kwenye paji la uso kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye hasira.

"Mheshimiwa, taja jedwali la saba."

Nikaanza, saba mara moja saba, nikijiona mjinga mbele ya watu. Nilipofika saba mara nane, kioo kikawaka, na maandishi yakapita: *Sauti ya mtoto, kiume. Si mwalimu aliyesajiliwa.* Nami nikaisikia, si masikioni, bali kule ndani ambako mtu husikia jina lake anapokaribia kusinzia. Ilikuwa sauti ya kaka yangu Hemedi. Alinifundisha jedwali lile tukichunga mbuzi, na kila nikikosea ananifinya sikio.

"Ubongo hauhifadhi neno tupu," Kamugisha alieleza, na kwa mara ya kwanza aliongea kama mtu anayependa anachokisema. "Unahifadhi neno pamoja na sauti ya mtu aliyelitamka siku ile ulipolielewa. Ukilitumia tena, hata baada ya miaka mingi, sauti ile inaamka pamoja nalo. Chimbuko linaisikiliza, linailinganisha na sauti za walimu waliosajiliwa. Haliongezi wala halipunguzi."

"Kwa hiyo mwalimu wangu wa hesabu?"

"Kwenye jedwali la saba, hayumo."

"Na nani alimwambia kaka yako akufundishe?"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Perpetua. Hakuwa ameacha kutazama dirisha.

Nilitaka kumwambia asubiri zamu yake. Badala yake nikakumbuka. Mwalimu wetu wa hesabu alimwita Hemedi mbele ya darasa akamwambia, mdogo wako asipolijua jedwali kufika Ijumaa, utakayechapwa ni wewe. Nikauvua utepe. Kamugisha akaupokea akaufuta kwa kitambaa, akasema kwamba jambo hilo, kwa bahati mbaya, haliachi sauti.

Kisha akanionyesha vipimo vya watoto wa Mkiwani. Karibu kila mtoto alikuwa amejifunza kusoma kwa sauti ya mtoto mwenzake, na huyo kwa sauti ya mwingine. Nyuzi nyingi ziliishia kwa msichana mmoja wa miaka saba aitwaye Paskalina Mughenyi. Kwa wengi wao, sauti ya mwalimu ilikuwemo kwenye maneno machache tu: *kaa*, *nyamaza*, *nawa mikono*.

"Naahirisha shauri," nilisema. "Kesho tunakwenda Mkiwani kuliona hilo darasa. Wote."

"Mheshimiwa, barabara ya kule..."

"Wote, Wakili. Na viatu vyako."

*

Mkiwani iko nyuma ya mawe makubwa, upande ambao mitambo ya upepo imepangwa juu ya kilima. Gari la ofisi lilijiendesha vizuri mpaka lami ilipoishia, halafu likasimama na kututangazia kwa sauti ya upole kwamba njia iliyobaki haipo. Njia ilikuwepo, tuliiona kwa macho yetu. Tulibishana na gari, tukashindwa, tukatembea katikati ya mashamba ya alizeti huku Ndugu Kidaghoo akihema na kuuliza kama posho ya safari inahesabu na miguu.

Tulipoingia darasani watoto walisimama wakaamkia kwa pamoja, shikamooni wageni. Tukaitikia marahaba, wakakaa, wakaendelea na mambo yao kana kwamba hatupo. Mwalimu Perpetua alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mapajani, anachambua maharage ya chakula cha mchana.

"Naomba iandikwe," Kamugisha alininong'oneza, "kwamba mlalamikaji anachambua maharage saa za kazi."

Sikuandika. Nilikuwa natazama watoto. Walikaa wawili wawili, kitabu kimoja katikati, na darasa zima lilivuma kwa kusoma. Hakukuwa na mtu mbele. Kioo kikubwa cha kufundishia ambacho Wakala iliwagawia kilikuwa kimegeuzwa uso ukutani na juu yake zimetundikwa sweta.

Baada ya muda Mwalimu aliweka ungo chini. Alikwenda hadi dawati la nyuma, akamshika bega mvulana mmoja aliyekuwa amejikunyata, akamhamisha. Hakumpeleka kwa Paskalina, ambaye alikuwa mbele na kitambaa cha njano kichwani, anasoma kwa kasi kama mtangazaji wa mpira. Alimpeleka kwa msichana mwenye kigugumizi. Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Mvulana yule, jina lake Shomari, alikaa kimya. Msichana akaanza kusoma neno, likamkwama, akalianza upya, likamkwama tena. Shomari akasogea. Akaweka kidole kwenye kitabu. Wakalisukuma lile neno pamoja kama watu wanaosukuma gari bovu, na lilipotoka walicheka wote wawili. Neno lenyewe lilikuwa *mbuyu*.

"Hajasema kitu," Kamugisha alinong'ona. "Umeona, Mheshimiwa? Hajasema hata neno moja."

"Nina macho, Wakili."

Nilimwomba Mwalimu Perpetua tutoke nje. Tulisimama kwenye kivuli cha tangi la maji, na nakiri nilimfokea.

"Mwalimu, kazi unaijua, mtu yeyote mwenye akili anaona kwamba unaijua. Sasa ugumu uko wapi? Ukifika wakati wa kipimo si usimame tu mbele, uwasomee kidogo, hicho kidude kisikie sauti yako?"

"Nilifanya."

"Lini?"

"Mwaka juzi, muhula mzima. Nilisimama mbele nikapayuka kama mnavyotaka. Waliokaa mbele wakaishika sauti yangu, alama zikapanda, ofisini wakanipigia makofi." Alifuta vumbi la maharage kwenye khanga. "Huyo Shomari alikuwepo. Sauti ya mtu mzima kwake ni sauti ya kugombezwa. Aliacha kuja shule, akawa anajificha kwenye mawe kule mpaka wenzake watoke. Na hakuwa peke yake. Ndiyo maana mpaka leo yuko darasa la kwanza."

"Kwa hiyo ukaacha."

"Nikarudi kwenye kuombana moto. Kwetu zamani moto ukizimika nyumbani, huendi kuuomba kwa chifu, Mama. Unakwenda kwa jirani, tena yule mtakayeongea naye. Mimi nawafundisha watatu wanne wa kwanza, basi. Baada ya hapo kazi yangu ni kujua nani akaombe kwa nani."

"Na Paskalina?"

Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza. "Paskalina nilimfundisha wiki moja. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa kuwafundisha wenzake. Anapenda kusema, yule. Ukimpa jiwe atalisomesha."

"Ungeandika haya kwenye utetezi wako."

"Niliandika. Wakasema si kipimo."

Nilimwambia arudi darasani. Nikabaki pale kwenye tangi nikiwakasirikia watu wote, yeye akiwa wa kwanza, kwa sababu asiye na hatia akiwa mkaidi humpa msuluhishi kazi mara mbili.

*

Siku iliyofuata Wakili Kamugisha aliingia barazani anatabasamu, na Ndugu Kidaghoo nyuma yake anatabasamu vilevile. Nikajua kuna jambo. Wakili na mtetezi wakitabasamu pamoja, shika mfuko wako.

"Mheshimiwa, tumepata suluhu," alisema Kamugisha. "Chimbuko lina hatua ya pili. Tukiwasajili watoto kama vyanzo, chombo kitafuata sauti kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto, mpaka kwa Paskalina, na ndani ya Paskalina kitamkuta Mwalimu Perpetua. Darasa zima linahesabiwa kwake. Mkataba unabaki, nyumba inabaki, na cheo kinapanda. Anakuwa Mwalimu Mlezi wa Vyanzo, wa kwanza nchini."

"Shirikisho linaunga mkono kwa asilimia mia," alisema Ndugu Kidaghoo, mtu aliyekuwa bubu juzi.

Nilimtazama Mwalimu Perpetua. Alikuwa amekwisha kuishika kalamu.

Ningeweza kupiga muhuri nikaenda kula. Kuku wa mama jirani alikuwa ananukia mpaka mle ndani. Lakini nimepigwa na mikataba mingi, nikasoma viambatisho. Chanzo kilichosajiliwa, kilisema kiambatisho cha mwisho, ni rasilimali ya Wakala. Chaweza kupangiwa kituo popote penye upungufu, kwa muda utakaohitajika. Ridhaa itatolewa na mzazi, *au na mwalimu mlezi kwa niaba yake*.

"Wakili. Chanzo ni nani hapa?"

"Ni neno la kitaalamu, Mheshimiwa."

"Ni Paskalina."

"Kwa sasa, ndiyo, hasa ni Paskalina."

"Kwa hiyo mwalimu akitia saini, mnaweza kumchukua mtoto wa miaka saba mkampeleka shule nyingine akafundishe."

"Kwa muda tu," alisema, na uso wake ulikuwa na nia njema kabisa, hilo ndilo lililonitia hofu. "Kuna shule hapa kandani ambazo hakuna mtoto hata mmoja anayesoma, na walimu hawataki kwenda. Huyu binti ana kipaji. Atatunzwa, atakula vizuri kuliko kwao. Atakaa muhula hapa, muhula pale."

"Na baada yake?"

"Wapo wengine. Darasa lile limejaa vyanzo."

Nilimgeukia Mwalimu. "Umekisoma hiki?"

"Nafundisha kusoma, Mama. Nimekisoma."

"Na bado unasaini?"

Aliweka kalamu mezani, taratibu.

"Nisikilize. Nisiposaini, naondoka. Nikiondoka, wanaleta mtu wa kusimama mbele na kupayuka. Wa mbele watasoma. Wa nyuma wataisha, mmoja mmoja, na hakuna atakayewauliza. Nikisaini, nabaki. Wakija kumtaka Paskalina nitagombana nao. Nimegombana nao miaka yote, mimi ni mgomvi, muulize huyu Yasini."

Ndugu Kidaghoo alitikisa kichwa kukubali, kwa dhati.

"Saini yako ndiyo inayokunyima kugombana," nilisema. "Ukishaiweka, ridhaa umetoa. Watamchukua asubuhi na utakuwa umekwisha kusema ndiyo."

"Nitajua la kufanya siku hiyo."

"Hivyo ndivyo mlivyosema wote mlipokuwa mnakichezea ngoma kifungu cha Chimbuko."

Lilimchoma. Nilikusudia limchome, na papo hapo nikajuta.

Nikatangaza mapumziko, nikatoka nyuma ya ofisi penye mapipa ya maji. Nilikuwa na hasira ya kutosha kubomoa ukuta. Mapatano ya wadaawa siwezi kuyakataa, isipokuwa yanapomdhuru mtu asiyekuwemo kwenye shauri. Paskalina hakuwemo. Hakuwa na wakili wala shirikisho. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika Singida nzima aliyelipwa kumfikiria mtoto yule siku ile, alikuwa ni mimi, na sikuwahi hata kusemezana naye.

Upande wa pili alikuwapo Shomari, na kidole chake juu ya *mbuyu*. Mwalimu hakuwa amesema uongo kuhusu Shomari. Nikimlinda mmoja namwacha mwingine ajifiche kwenye mawe. Niliipindua hesabu ile kila upande na kila mara alibaki mtoto mmoja nje.

Nilirudi ndani nikajaribu mlango wa tatu. Nilimwuliza Kamugisha kama Wakala ingekubali kutomhesabia Mwalimu Perpetua kifungu kile, kwa sababu ya mazingira ya pekee. Akasema akimwachia mmoja, kesho watakuja wote na mazingira ya pekee. Nilimwuliza Ndugu Kidaghoo kama Shirikisho lingepinga kifungu chenyewe. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Mheshimiwa, walimu wangapi wamepanda vyeo kwa Chimbuko? Nikalivunje kwa ajili ya mmoja?"

"Kwa ajili ya huyu uliyekaa naye."

"Mwenye nyumba ya vioo harushi mawe, Mheshimiwa."

Methali imekuwa mahali pa kujificha watu wazima. Nilivaa miwani.

"Mapatano nayakataa," nilisema. "Yanawafunga watoto ambao si wadaawa. Ridhaa ya mwalimu haiwezi kuwa ridhaa ya mtoto."

Mwalimu Perpetua alifumba macho. Kamugisha alianza kusema neno, nikamnyamazisha kwa kidole.

"Yakiisha kukataliwa mapatano, kinachobaki ni mkataba. Muhuri wangu haubadilishi mkataba, unautekeleza. Nitaandika, na naandika kwa herufi kubwa ili mtu wa juu aone, kwamba nimeingia darasani na kumwona mwalimu huyu akifundisha, na kwamba kipimo hiki ni kiziwi kwa kazi yake. Nitapendekeza kifungu kiangaliwe upya. Lakini kwa mkataba alioutia saini..."

Niliuvuta muhuri karibu.

"...alama hakufikisha. Mkataba umesitishwa."

Nilipiga muhuri. Kishindo chake kilikuwa kidogo kuliko kawaida, maana mkono haukutaka.

Mwalimu Perpetua alisimama akajifunga khanga vizuri kiunoni. Nilitegemea matusi na nilikuwa tayari kuyapokea yote.

"Umewaokoa watoto wangu," alisema. "Haya. Jumatatu atawafundisha nani?"

"Wakala italeta mwalimu mwingine."

"Hicho ndicho nilichokuuliza?"

Alitoka bila kufunga mlango. Ndugu Kidaghoo akaenda kuufunga, kwa sababu ya vumbi.

*

Sheria inataka uamuzi ubandikwe mahali pa kazi na msuluhishi mwenyewe, ili mtu asije akasema hakuuona. Ni sheria ya zamani, ya wakati wa viwanda na makarani, na hakuna aliyefikiria kwamba mahali pa kazi panaweza kuwa mlango wa darasa la kwanza. Jumatatu asubuhi nilikwenda Mkiwani peke yangu. Safari hii gari lilipokataa sikubishana nalo.

Mwalimu mpya alikuwa bado hajafika. Mwalimu Perpetua alikuwa amehama jana yake, na kwa uamuzi wangu hakuruhusiwa kukanyaga pale hata kuaga. Watoto walikuwa ndani wanasubiri, ungo uko juu ya kigoda. Nilibandika karatasi mlangoni kwa pini, nikiwa nimewapa mgongo, nikitumaini kuondoka kabla hawajaniuliza kitu.

Nilikuwa nimesahau wanachojua kufanya. Nilipogeuka walikuwa wamejaa nyuma yangu, wanaisoma.

"U-a-mu-zi," alisema mmoja.

"Wa shauri," alidakia mwingine. "Mwa-li-mu... Mwalimu Perpetua! Limeandikwa jina la mwalimu!"

Wakasukumana kusogea. Wakubwa waliwainua wadogo. Paskalina, mwenye kitambaa cha njano, alikuwa anaweka kidole chini ya kila neno na kuwasubiri wa nyuma wafike, na wakikwama anawapa herufi moja tu, hawapi neno zima. Msichana wa kigugumizi alikuwa amemshika Shomari mkono. Walisoma pamoja, polepole, kila sentensi ambayo nilikuwa nimeiandika kwa lugha ya kisheria ili isieleweke sana. Walifika mstari wa mwisho. Sauti zikapungua.

"Mkataba u-me-si... u-me-si-ti..."

Shomari ndiye aliyelimaliza. "Umesitishwa."

Aligeuka akamtazama Paskalina, kama walivyozoea. Paskalina alitikisa kichwa. Hakulijua. Akamtazama jirani yake, naye akamtazama jirani yake, na swali likazunguka kundi zima bila kupata mtu wa kulijibu. Hatimaye wote wakaniangalia mimi.

"Bibi," aliuliza Shomari, "umesitishwa ni nini?"

Ningeweza kusema muulizeni mwalimu mpya. Nilichuchumaa mpaka uso wangu ukalingana na wake, maana nilikumbuka sauti za watu wazima zinamfanya nini, nikajitahidi kuongea taratibu.

"Maana yake hatarudi," nilisema.

Niliona kwenye macho yake jinsi neno lilivyoingia. Liliingia kwake, na kwa yule aliyemshika mkono, na kwa Paskalina, na kwa wote waliokuwa wamesimama kimya pale mlangoni. Wamefundishwa kusoma na mwanamke ambaye hakuna chombo kitakachoisikia sauti yake vichwani mwao. Lakini neno lile, popote watakapokutana nalo mpaka uzeeni, watalisikia kwa sauti yangu.